Lord Delamere na Kongano la Nakuru

Neno unga ni miongoni mwa maneno ya kwanza ambayo mgeni wa Kiswahili hujifunza, nalo ndilo jina la kampuni iliyoasisiwa mwaka 1908 na mtu ambaye hakuwa Mswahili wala Mwafrika. Unga Limited ingali inasaga nafaka nchini Kenya hadi leo. Mjini Arusha, Tanzania, iko kata nzima inayoitwa kwa jina hilohilo. Aliyeiasisi kampuni hiyo ni Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu wa Delamere, ambaye vitabu vya historia humwita Lord Delamere, na ambaye watu wengi wa Bonde la Ufa humwita Delamia, bila ya kujali Waingereza wanalitamkaje jina lao.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa jicho la swali moja la kiuchumi: kwa nini viwanda hukusanyika mahali fulani na kupaacha pengine? Kwa nini vinu, viwanda vya maziwa, maghala ya nafaka, mitambo ya kusindika pareto na vituo vya utafiti wa mbegu vilijipanga kati ya Naivasha na Molo, Nakuru ikiwa kitovu? Wanauchumi wameanza kutumia istilahi ya kongano la viwanda kwa hali hii, hasa nchini Tanzania, nami nitaitumia pia kwa kuwa haina haja ya kufafanuliwa: watu hukongamana, na viwanda navyo hukongana.

Delamere alizaliwa tarehe 28 Aprili 1870 katika ukoo wa makabaila wa Cheshire, Uingereza, ambako jumba lao liliitwa Vale Royal. Alisomea Eton. Babaye alifariki mwaka 1887, na kijana wa miaka 17 akarithi cheo, ardhi na madeni yaliyofungamana nayo. Kuanzia mwaka 1891 alikuwa akienda Somalia kuwinda simba. Mwaka 1894 simba mmoja alimrarua mguu, na angalimmaliza kama mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, hangalimrukia mnyama huyo kwa mikono mitupu mpaka bwana wake akaipata bunduki. Delamere alichechemea tangu siku hiyo hadi kufa kwake. Ni vyema msomaji alikumbuke jina la Abdullah Ashur, kwa sababu katika masimulizi ya aina hii wanaowaokoa wakuu huwa hawana majina.

Mwishoni mwa 1896 aliondoka Berbera na msafara mkubwa wa ngamia, akapita Ethiopia, akateremka Marsabit, akafika Baringo na hatimaye nyanda za Laikipia. Baada ya miezi ya jangwa, aliona nyasi za kijani, mito ya maji baridi na hewa isiyomtoa jasho. Alichokiona kama nchi tupu hakikuwa kitupu. Miaka hiyo ilikuwa ya misiba mfululizo: sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe, ndui ikawapukutisha watu, na Wamaasai walikuwa wametoka katika vita vya wao kwa wao. Malisho yaliyoonekana hayana mwenyewe yalikuwa yakipumzika. Kosa hili la macho, kama nitakavyoonyesha, lilizaa mambo mengi kuliko ngano yote aliyoipanda.

Alimwoa Lady Florence Cole mwaka 1899, na kabla ya miaka mitano kupita walikuwa wamehamia Afrika Mashariki moja kwa moja. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imekwisha kufika Nakuru mwaka 1900 na ufuo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Serikali ya kikoloni ilikuwa na reli ghali isiyo na mizigo ya kubeba, kwa hivyo ikataka wakulima. Delamere aliomba ardhi Laikipia akanyimwa, kwa kuwa ilikuwa mbali mno na reli. Akaomba Naivasha, akanyimwa tena. Mara ya tatu, mwaka 1903, akapewa ekari 100,000 za Njoro kwa mkataba wa miaka 99, kodi yake pauni 200 kwa mwaka, kwa sharti kwamba angetumia pauni 5,000 kuiendeleza katika miaka mitano ya mwanzo. Shamba hilo aliliita Equator Ranch.

Hapa ndipo maisha yake yanapoanza kutufaa. Delamere alikuwa mkulima aliyefeli, na alifeli kwa uhodari mkubwa. Alileta kondoo wa merino kutoka ng'ambo, wengi wakafa. Ng'ombe wa kizungu wakafa kwa homa ya mapafu na homa za kupe. Wamaasai walikuwa wakiliita eneo hilo kwa jina lenye maana ya uwanda ambako majike hawazai, nao hawakuwa wakichunga mifugo yao huko kwa muda mrefu. Wao walikuwa wamekwisha kufanya utafiti wa udongo huo kwa kutumia matumbo ya ng'ombe wao, kizazi baada ya kizazi. Baadaye wataalamu walikuja kubaini kwamba udongo wa sehemu hizo umepungukiwa na kobalti, na ugonjwa unaotokana na upungufu huo ukaingia katika vitabu vya tiba ya mifugo kwa jina lililotungwa kutokana na mji wa Nakuru. Mtu mwenye ekari 100,000 alikuwa hajauliza swali ambalo mtoto wa mchungaji angalimjibu.

Mifugo ilipomshinda, akageukia ngano. Ilimea vizuri, ikapendeza macho, kisha ikavamiwa na kutu. Wanafunzi wa Kiswahili watasamehe nikieleza kwamba kutu hii si ya chuma: ni kuvu inayolipaka jani na bua vumbi la manjano, la kahawia au jeusi, na kulinyonya suke mpaka punje zinasinyaa. Kufikia mwaka 1909 alikuwa ameweka tumaini lake la mwisho katika ekari 1,200 za ngano, nazo zikaharibika. Alijaribu hata kufuga mbuni kwa ajili ya manyoya ya kofia za mabibi wa Ulaya, akaagiza mashine za kutotolea mayai. Motokaa zikaingia, upepo wa motokaa na kofia za manyoya havikuelewana, mtindo ukabadilika, na mbuni wakabaki kuwa ndege.

Mlowezi mwingine angalirudi kwao. Delamere aliiweka rehani mali yake ya Uingereza na kufanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Alimwajiri mtaalamu wa mimea, akamjengea maabara shambani Njoro, akamwambia atafute ngano isiyoshikwa na kutu. Mbegu za Italia, za Australia na za Misri zikachanganywa, machotara yakapandwa, yaliyoshikwa na kutu yakatupwa, yaliyosalimika yakapandwa tena. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, na ililipiwa na mtu ambaye hakuwa na fedha. Pia alikuwa Mzungu wa kwanza kulima mahindi kwa kiwango kikubwa katika bonde la Rongai, kwenye shamba lililoitwa Florida. Makao yake aliyahamishia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, ambako mifugo ilistawi. Ilipofika mwaka 1914 faida ilianza kuonekana. Mwaka huohuo mkewe Florence akafariki.

Sasa tutazame kongano lenyewe. Mwaka 1890 mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall alieleza kwamba viwanda vya aina moja vikikaa pamoja hupata manufaa ambayo kiwanda kilicho peke yake hakiyapati. Wafanyakazi wenye ujuzi hujaa mahali hapo, hivyo mwajiri hatafuti mbali. Wauzaji wa zana na mafundi wa kutengeneza mitambo hufungua maduka karibu, kwa kuwa wateja ni wengi. Tena siri za kazi huacha kuwa siri, zikawa kama zimo hewani, na watoto huzinyonya pasi na kufundishwa. Marshall alikuwa akifikiria visu vya Sheffield. Hata hivyo, mantiki hiyo yaweza kusomwa katika Njoro ya miaka ya 1910 bila ya kulazimisha. Mbegu iliyofaulu katika maabara ya Delamere haikubaki kwake, bali ilipandwa na jirani. Jirani alipovuna alihitaji kinu, na kinu kilikuwepo. Kinu kilihitaji ngano zaidi, kwa hivyo mlowezi mwingine akashawishika kuja. Delamere mwenyewe alikuwa akiwatafuta walowezi hao kwa bidii, akiahidi ekari 640 kwa kila atakayekuja. Takriban 200 waliitikia. Alijua, ingawa sidhani kwamba alimsoma Marshall, kuwa mkulima mmoja hawezi kuendesha kinu, reli wala soko.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kongano hilo lilipata mifupa. Mwaka 1923 wakulima walianzisha chama cha kuuza nafaka ambacho baadaye kilijulikana kama Kenya Farmers Association, makao yake makuu yakiwa Nakuru. Mwaka 1925 Kenya Co-operative Creameries ikaanza kutengeneza siagi Naivasha. Mwaka 1927 serikali ikaweka kituo cha kuzalisha mbegu za mimea Njoro, kazi ileile iliyoanzishwa na mtu binafsi sasa ikibebwa na fedha za umma. Pareto iliingia nchini mwishoni mwa muongo huo, na kiwanda cha kuisindika kikaja kuwekwa Nakuru. Hali kadhalika, reli ya Uasin Gishu, iliyofika Eldoret mwaka 1924, ilichepuka kutoka njia kuu papo hapo Nakuru. Mji ambao ulikuwa kituo tu cha treni ukawa njia panda: nafaka ya Rongai, ya Molo na ya Uasin Gishu yote ilipita mlangoni pake. Palipo na njia panda hapakosi ghala. Na palipo na ghala hapakosi fundi wa matrekta, benki, duka la magunia na hoteli.

Masimulizi yanayomtukuza Delamere hukomea hapa. Elspeth Huxley alimwandikia kitabu cha juzuu mbili mwaka 1935, na anayekisoma huondoka akiamini kwamba mtu mmoja aliumba uchumi wa Bonde la Ufa kwa ukaidi wake. Nakubali ukaidi. Siukubali uumbaji. Kongano la Nakuru lilisimama juu ya nguzo tatu ambazo hazikutoka mfukoni mwa Delamere.

Nguzo ya kwanza ni ardhi. Mwaka 1904 Wamaasai walitakiwa kuyaacha malisho ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru na kwenda Laikipia na hifadhi ya kusini, kwa mkataba uliosemwa ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haukudumu hata miaka minane. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine wa kuwatoa Laikipia. Walikwenda mahakamani mwaka 1913, wakashindwa kwa hoja ya kisheria kwamba mkataba huo ulikuwa kama wa mataifa mawili na mahakama haikuwa na mamlaka juu yake: yaani walihesabiwa kuwa wageni siku ya kudai, na raia wa kutawaliwa siku nyingine zote. Delamere aliwapenda Wamaasai kwa namna yake. Aliwaajiri, alikaa nao, alizungumza nao, aliwasamehe walipomwibia ng'ombe. Mapenzi hayo hayakumzuia kuwa kinara wa dai kwamba Nyanda za Juu ziwe za Wazungu pekee. Aliongoza chama cha walowezi tangu mwanzo, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, akasimamishwa mwaka 1908 baada ya kuongoza maandamano hadi kwa gavana, na mwaka 1923 alikuwa London akipinga madai ya Wahindi ya haki sawa. Serikali ya Uingereza ilijibu kwa waraka uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatangulie. Ilikuwa ahadi ya karatasi, lakini karatasi hiyo ilimkata maini.

Nguzo ya pili ni kazi ya mikono. Ekari 1,200 za ngano hazikulimwa na baroni. Wagikuyu, Wakipsigis na wengineo walihamia mashambani kama maskwota, wakipewa kijipande cha kulima na ruhusa ya kuchunga badala ya siku za kazi walizozitoa. Sheria ya 1918 ikawafanya wawe vibarua badala ya wapangaji, na kipande kikawaning'inia shingoni. Mifugo ya maskwota ilipoanza kuongezeka, walowezi waliiona kuwa ni tishio, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ng'ombe na mbuzi wao wakafagiliwa nje ya mashamba. Maskwota waliliita tukio hilo kifagio. Naomba wenzangu wa isimu walitazame neno hili. Katika mji uleule ambako Mwingereza alilichukua neno unga akalifanya kampuni, kibarua alilichukua neno la chombo cha nyumbani akalifanya jina la hasara yake. Na aliyefagiwa hakuruhusiwa kushindana: mazao yenye faida kama kahawa na pareto yalikuwa ya Wazungu kwa muda mrefu, na ujuzi ambao Marshall alisema umo hewani ulikuwa umewekewa uzio. Mwafrika aliupumua akiwa kazini, lakini hakuwa na shamba la kuutumia.

Nguzo ya tatu ni bei. Katika miaka ya 1920 nauli ya reli kwa mazao ya walowezi iliwekwa chini, na ushuru wa forodha ukapandishwa ili ngano, unga na siagi kutoka nje visishindane na vya hapa. Uganda na Tanganyika, zilizokuwa katika soko hilohilo, zilinung'unika kwamba zinalipia kiwango cha maisha ya wakulima wa Nakuru. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki. Mlaji wa Kampala aliyenunua siagi ya Naivasha alikuwa akichangia, bila ya kuulizwa, ujenzi wa kongano asilolijua. Delamere mwenyewe alilitazama soko la Afrika Mashariki kama shamba moja: mwaka 1925 aliwaita viongozi wa walowezi wa makoloni jirani kwenye mkutano wa Tukuyu, kusini mwa Tanganyika, kutafuta umoja wa walowezi. Umoja alioutaka hakuupata.

Ninayasema haya si kwa nia ya kumnyang'anya marehemu sifa yake. Nadharia za kisasa, kutoka kwa François Perroux katika miaka ya 1950 hadi Michael Porter mwaka 1990 na Paul Krugman mwaka 1991, zinakubaliana kwamba ajali ndogo ya mwanzo yaweza kuamua mahali ambapo viwanda vitarundikana kwa karne nzima. Delamere alikuwa ajali hiyo. Laiti angalipewa Laikipia alikoomba kwanza, huenda maabara ya ngano isingekuwa Njoro. Lakini ajali haigeuki kongano mpaka dola itie mkono, na mkono ule ulitoa kwa mmoja kile ulichokitwaa kwa mwingine. Anayeandika mipango ya maendeleo ya kaunti leo na kuiiga Nakuru kama kielelezo inafaa ajue gharama ililipwa na nani.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Alioa tena mwaka 1928; mkewe wa pili, Gwladys, ndiye aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Nzige walikuja, bei ya mahindi ikaanguka baada ya mdororo wa 1929, na mabenki yakawa yanamiliki sehemu kubwa ya alichokiita chake. Alifariki tarehe 13 Novemba 1931 akiwa na umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Madeni aliyoyaacha benki yanakadiriwa kuwa pauni 500,000. Mtu aliyehesabiwa kuwa baba wa kilimo cha kibiashara nchini Kenya alikufa akidaiwa fedha ambazo maskwota wake wote pamoja hawangeweza kuziona katika maisha yao.

Alivyoviacha vilimpita. Mwaka 1939 Lord Egerton wa Tatton alianzisha shule ya kilimo karibu na Njoro kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili, na leo wana wa vibarua husomea humo shahada za udongo na mbegu, na za Kiswahili pia. Viwanda vingine vimeanguka: pareto, ambayo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kuiuza, ilidhoofika, na kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa mwaka 2014. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Swali la ardhi nalo halikuzikwa Soysambu. Molo, Njoro na vitongoji vyake vilishuhudia watu wakifukuzwa makwao mwaka 1992 na tena mwaka 2007 na 2008, wenyeji na waliohamia wakigombania mashamba ambayo hakuna kati yao aliyeyagawa mara ya kwanza.

Kutu ya ngano nayo ilirudi. Aina mpya kali ya kutu ya bua, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kupewa jina la Ug99, iliingia Kenya na kutishia ngano ya dunia nzima. Tangu mwaka 2005 mbegu kutoka nchi nyingi huletwa Njoro, hupandwa katika mashamba ya majaribio ya kituo kile, na kuachwa makusudi zivamiwe, ili zijulikane zipi zitasalimika. Watafiti Wakenya hupita kati ya mistari wakiandika alama, bua baada ya bua.

Sanamu ya Delamere, iliyosimamishwa Nairobi mwaka 1939 katika barabara iliyokuwa na jina lake, iliondolewa mwaka 1963 na kupelekwa Soysambu. Barabara sasa ni Kenyatta Avenue. Kando ya Ziwa Elmenteita kipo kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali akitazama mbingu. Walowezi walikiita Pua ya Delamere. Wengine hukiita Morani Aliyelala.